Edwina Booth, Mchezaji wa Picha Bubu, na Safari ya Mto Nile

Wasikilizaji wetu, maji yapigayo majabali ya Mwanza hayakai ziwani siku zote. Sehemu yake hutoka upande wa kaskazini, hapo Jinja katika nchi ya Uganda, ikawa mto Nile. Mto huo hupita katika ziwa Kyoga, kisha hubanwa baina ya miamba katika upenyo wa mita 7 hivi, ukaanguka chini kadiri ya mita 43. Mahali hapo huitwa maporomoko ya Murchison. Katika mwaka 1929 walifika huko watu wa sinema kutoka Marekani, na kati yao alikuwamo mwanamke kijana, jina lake Edwina Booth. Twataka kueleza jinsi alivyopanda na jinsi alivyoanguka, kwa maana habari zake zina mafundisho kwa kila mtu aendaye mbali kutafuta mshahara.

Kwanza ifahamike picha bubu zilikuwa kitu gani. Hapo zamani picha za sinema zilikwenda, lakini hazikusema. Mchezaji alionyesha hasira, hofu au mapenzi kwa uso na mikono yake, na maneno machache yaliandikwa, yakaonyeshwa katikati ya picha ili watazamaji wayasome. Basi uso ndio uliokuwa mali ya mchezaji. Katika mwaka 1927 picha zenye sauti zilianza kupata sifa kubwa, na baada ya miaka michache tu picha bubu zilikuwa karibu zimekwisha katika Marekani.

Edwina Booth alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Provo, jimbo la Utah, na jina lake la kwanza lilikuwa Josephine Constance Woodruff. Aliingia kazi ya sinema wakati picha bubu zilipokuwa zikielekea mwisho, akapewa sehemu ndogo ndogo. Kisha kampuni kubwa iitwayo Metro-Goldwyn-Mayer ikamchagua kuwa mwanamke mkuu katika mchezo wa Trader Horn. Kwa msichana asiyejulikana, hiyo ilikuwa bahati ambayo wengi waliitamani.

Mchezo huo ulitokana na kitabu kilichotolewa mwaka 1927, chenye habari za mfanya biashara mmoja wa Afrika ya Magharibi. Lakini picha zilipigwa huku kwetu, katika Kenya, Uganda na nchi za jirani. Msimamizi alikuwa W. S. Van Dyke, na wachezaji wenziwe Edwina walikuwa Harry Carey, Duncan Renaldo, na Mwafrika mmoja, Mutia Omoolu, ambaye baadaye alipelekwa mpaka Hollywood ili kazi imalizike. Safari ilianza kwa nia ya kupiga picha bubu. Walipokuwa wamekwisha fika Afrika, kampuni iliona ya kuwa watu wanataka sauti, ikaleta na mitambo ya kunasa sauti. Kwa hiyo kazi ikawa ndefu na nzito zaidi.

Katika mchezo ule Edwina alikuwa mzungu aliyepotea tangu utoto akalelewa porini. Kwa sababu hiyo alivikwa nguo chache mno, akapita katika matete na jua kali pasipo kinga. Nchi ile ilionekana katika picha kana kwamba haijapata kukaliwa na watu. Kumbe sivyo. Ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana katika Uganda tangu mwaka 1900, na kati ya miaka 1907 na 1912 serikali iliwahamisha wenyeji wa sehemu zile, ndipo wanyama wakatamalaki. Upweke ule uliowapendeza wapiga picha ulikuwa alama ya msiba wa watu.

Huko Edwina alipatwa na homa ya malaria na maradhi mengine. Wala haikuwa siri wakati huo malaria yatoka wapi. Mwaka 1897, yaani miaka 32 kabla ya safari ile, daktari Ronald Ross aliyekuwa Bara Hindi aligundua ya kuwa vijidudu vya homa hiyo huchukuliwa na mbu. Chandarua kilijulikana, na kwinini ilijulikana.

Mchezo ulipotolewa mwaka 1931 ulisifiwa sana, hata ukatajwa kati ya picha zilizoshindania tuzo kubwa ya Hollywood. Lakini mwanamke aliyeonekana ukutani mwenye nguvu na uzuri, mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alicheza picha nyingine chache, kisha baada ya mwaka 1932 kazi yake ya sinema ikakatika. Wachezaji wengine wa picha bubu walianguka kwa kuwa sauti zao hazikupendeza. Yeye aliangushwa na mwili uliochoshwa na kazi. Aliishitaki kampuni, akidai fidia ya zaidi ya dola 1,000,000 kwa kuwa hakupewa kinga wala mavazi ya kutosha. Shauri lile lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama.

Kwa miaka mingi watu walivumisha ya kuwa amekufa kwa maradhi ya Afrika. Kweli ni kwamba alipona pole pole, akaacha mambo ya sinema kabisa, akaishi kwa utulivu katika kazi za dini yake hata alipofariki mwaka 1991, naye ana umri wa miaka 86.

Basi, ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha ipitayo ukutani kwa muda wa saa mbili imeundwa kwa jasho la watu, na pengine kwa afya yao. Malaria ingali yaua watu katika pwani za ziwa letu, na vijana wetu wangali wakienda mbali kutafuta kazi, migodini, visiwani na mijini. Kabla hujatia sahihi mkataba, usiulize mshahara peke yake. Uliza pia: nitalala wapi, nikiugua nani atanitibu, na nikiumia nani atanilipa? Edwina Booth aliuliza maneno hayo mbele ya mahakama, wakati afya yake ilipokuwa imekwisha haribika. Afadhali kuyauliza mlangoni, kabla ya kuingia.