Boti ya faiba iliyopauka: usikimbilie kopo la rangi

Mwenye boti ya faiba iliyokula jua miaka kumi na tano au ishirini husikia ushauri uleule kila anapoipandisha nchi kavu: piga rangi. Boti ilikuwa buluu, sasa ni kijivu. Ilikuwa nyeupe, sasa imeingia umanjano, na ukiipitishia kiganja unatoka na unga. Fundi anataja bei, mwenye boti anaanza kuhesabu. Kabla hujakubali, mwagia ubavu wake ndoo ya maji safi, kisha utazame ukiwa bado umelowa. Rangi ya zamani ikirudi, hata kwa dakika chache tu, basi jelikoti bado iko hai, na kinachohitajika ni kusugua na kung'arisha. Ikibaki imepauka vilevile, au ukiona nyuzi za faiba zimeanza kuchungulia, hapo mazungumzo ya rangi yana maana.

Jelikoti ni tabaka la resini lililochanganywa na rangi, ambalo hupakwa kwenye kalibu kabla ya matabaka ya faiba. Unene wake kwa kawaida ni nusu milimita hivi. Jua huivunja resini ya juujuu na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, mwanga ukatawanyika humo na ubavu ukaonekana mweupe. Maji yakivijaza vitundu hivyo, rangi hurudi. Ndiyo siri ya ile ndoo. Nusu milimita hiyo ni akiba. Kila unapopiga msasa unachota, na hakuna anayeirudishia bure. Kwa hiyo kila njia nitakayoitaja ipime kwa mambo mawili: inakula kiasi gani cha fedha, na inakula kiasi gani cha jelikoti.

Tuchukue boti ya mita 7, yenye ubavu wa mita 1 kutoka usawa wa maji hadi ukingoni. Pande mbili na tezi ni kama mita 16 za mraba. Nitahesabu kazi kwa siku, si kwa fedha, kwa kuwa ujira wa Kilifi si ujira wa Msasani wala wa Nungwi, na wewe unaujua wa kwenu.

Kazi ya kung'arisha huanza kwa kuosha, na hapa wengi huharibu fedha kwa haraka. Madoa yaondoke kwanza, ndipo mashine iguse ubavu. Ile michirizi ya kutu chini ya skrubu na ule mstari wa kahawia kwenye usawa wa maji huondolewa na asidi ya oksaliki, unga wa bei ndogo unaokorogwa kwenye maji, ukapakwa, ukaachwa dakika chache na kusuuzwa vizuri. Vaa glavu na miwani, maana ni sumu. Birimbi zina asidi hiyohiyo, ndiyo maana wazee wamezitumia kung'arishia shaba, lakini kwa doa la miaka nguvu yake ni ndogo. Jiki haisaidii: huua ukungu, kutu haiitoi. Nimeona mbavu zilizopigwa msasa siku nzima kwa sababu ya umanjano ambao ungeondoka kwa asidi kabla ya chai ya saa nne.

Baada ya hapo futa nta ya zamani kwa asetoni, kisha jaribu dawa ya kusugulia kwa mashine mahali pamoja, upana wa gazeti. Mahali hapo pakirudi rangi, acha msasa dukani. Pakikataa, piga msasa wa maji kuanzia namba 1000, na ushuke hadi 800 au 600 pale tu 1000 inaposhindwa, kisha urudi juu hadi 1500 au 2000 kabla ya dawa. Fundi anayeanza na 400 ili amalize mapema anachota akiba yako. Kwenye kona na kingo asugue kwa mkono, kwa kuwa hapo ndipo jelikoti huwa nyembamba. Mashine nayo iwe ya kung'arishia, ya mizunguko isiyozidi 2,000 kwa dakika. Grinda ya kukatia vyuma huzunguka mara 10,000 na zaidi, na ukiifunga sponji huunguza jelikoti ndani ya sekunde. Alama yake ya kahawia haitoki.

Kwa boti yetu, bila msasa, watu wawili wamalize kwa siku mbili hadi tatu. Pakihitajika msasa, weka nne au tano. Vifaa ni vichache: lita moja hivi ya dawa ya kusugulia, nusu lita ya polishi laini, kopo la nta, sponji mbili tatu. Nta ndiyo inayolinda, dawa haifanyi kazi hiyo. Ubavu uliong'arishwa ukaachwa bila nta hupauka tena baada ya miezi michache, na kwa jua letu nta yenyewe huisha kwa miezi mitatu hadi sita. Hapa ndipo gharama ya kweli ya njia hii ilipo: siku ya mtu mmoja au mbili, mara mbili au tatu kwa mwaka, kila mwaka. Epuka polishi zenye silikoni kama unafikiria kupaka rangi baadaye, kwani rangi itazikimbia na kuacha vidoa vya duara.

Kuna pia dawa za akriliki za kupaka kwa kitambaa, zinazong'aa papo hapo bila kusugua. Kwa boti unayotaka kuiuza wiki ijayo zinavutia. Kwa boti unayoitumia, sizipendi: zikichakaa hugeuka njano na kubanduka vipande vipande, na kuziondoa ni kazi kuliko ile uliyoikwepa.

Rangi sasa. Ya bei nafuu ni ya kopo moja, rangi ya mafuta ya boti. Hushika vizuri, lakini tarajia kuirudia baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Ya kudumu ni poliyurethani ya makopo mawili, rangi na hadina yake, juu ya praima ya epoksi. Ikipakwa sawasawa hufika miaka mitano na kuendelea. Mita zetu 16, kwa wastani wa mita 10 za mraba kwa lita, zinataka lita tatu na zaidi za praima kwa mikono miwili, na lita tano hivi za rangi kwa mikono mitatu, pamoja na thina. Kazi ya watu wawili ni siku nane hadi kumi, na asubuhi yenye umande huua mng'ao wote. Boti inayopwelea mchangani kila siku, ikigusana na mawe na boti nyingine, itachubuka, na mchubuko wa rangi hii hauungiki usionekane.

Kisha kuna mapafu ya fundi. Hadina ya rangi hizi ina isosayaneti, na ikipulizwa kwa bomba la upepo huweza kumpa mtu pumu isiyopona. Kitambaa usoni hakizuii chochote. Kama fundi hana barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, kubali rangi ipakwe kwa rola na kulainishwa kwa brashi, hata kama haitang'aa kama kioo.

Kupaka jelikoti mpya ndiyo njia ghali kuliko zote. Nusu milimita juu ya mita 16 ni lita 8, yaani kilo tisa au kumi, na pamoja na upotevu nunua kumi na mbili. Isipotiwa nta yake maalumu haikauki juu, hubaki inanata. Ikikauka ina mabonde, na unaanza msasa upya kutoka namba ndogo hadi 2000. Itumie kuziba mikwaruzo na nyufa, ambako kilo moja inatosha.

Baadhi ya vitabu vya Ulaya na Marekani husukuma watu kwenye rangi ya makopo mawili kwa hesabu ya kwao: huko saa ya fundi ni ghali, kopo ni rahisi. Pwani yetu ni kinyume chake. Kopo limevuka bahari na kulipa ushuru, fundi anakaa mtaa wa pili. Ndiyo maana boti iliyofaulu mtihani wa ndoo naipeleka kwenye kung'arishwa bila kusita, na fedha iliyobaki nailipa kwa mtu wa kuipaka nta kila kusi na kila kaskazi.

Patana na fundi hivi: mita moja ya mraba ya mfano kwanza, upande unaopigwa na jua zaidi, ilipwe peke yake. Bei ya boti nzima itajwe baada ya mfano huo. Na ipandisheni wakati wa bamvua, ili mpate juma zima kabla maji hayajaifikia tena.