Utalii wa matumbawe: Nusu saa ya mchangani inayookoa mtaji wa miaka mia

MTALII anayefika Zanzibar kwa mara ya kwanza huuziwa safari ya baharini kabla hata hajafungua begi lake. Anaonyeshwa picha za samaki wa rangi, anapewa miwani ya maji, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira, kisha anapandishwa boti kwenda kuangalia matumbawe. Swali ambalo mara nyingi haulizwi ni moja tu: je, anajua kuelea?

Swali hilo huchukuliwa kuwa la usalama, na kweli ni la usalama. Lakini ni la kiuchumi pia. Mgeni asiyezoea akiingiwa na maji mdomoni hushtuka, huinua kichwa, hushusha miguu na kutafuta pa kusimama. Anachokanyaga ndicho mtaji wa biashara yenyewe.

Tumbawe si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa, na ujenzi wao ni wa polepole. Matumbawe yenye matawi yanaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, lakini yale makubwa ya duara huongezeka sentimita moja hivi. Kwa hiyo bonge lenye urefu wa mita moja limechukua karibu miaka 100. Mkulima wa Pemba ataelewa haraka: mchumaji wa karafuu anayevunja matawi ili amalize mti upesi hulipwa leo, lakini mwenye shamba ndiye atakayeona pengo misimu ijayo. Tofauti ni kwamba shamba la karafuu lina mwenyewe wa kugomba.

Kumfundisha mgeni si kazi kubwa. Huanzia kwenye maji ya kifuani, juu ya mchanga mtupu, mbali na matumbawe. Kwanza miwani: inawekwa usoni bila mkanda, mgeni anavuta pumzi kwa pua, ikiganda, inamfaa, ikidondoka, atafutiwe nyingine. Nywele zilizobanwa chini ya mpira huingiza maji, na wenye masharubu mazito hupata taabu hiyo hiyo. Mate yakipakwa ndani ya kioo na kusuuzwa kidogo huzuia ukungu. Hiyo ni mbinu ya bure ambayo hakuna duka lililoishinda.

Kisha mrija. Binadamu amezoea kupumua kwa pua, na miwani imeziba pua. Hapo ndipo hofu inapoanzia. Mgeni alaze uso majini akiwa bado amesimama, apumue kwa mdomo, taratibu, hadi moyo utulie. Maji yakiingia kwenye mrija, apulize kwa nguvu mara moja kama anayezima taa ya kibatari, si kuung'oa mdomoni. Baada ya hapo ajifunze kuelea kifudifudi na kupiga mapezi kuanzia nyonga, sio kukanyaga kama anayeendesha baiskeli. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea. Litambeba, na hatakuwa na sababu ya kusimama.

Yote hayo huchukua nusu saa hivi. Kwa nini basi hayafanyiki kila siku?

Jibu liko kwenye namna ya malipo. Nahodha anayelipwa kwa safari hapati kitu kwa dakika 30 za ziada. Anapata akiwahi kurudi kuchukua wengine. Mwongoza wageni naye hutegemea bakshishi, ndiyo maana wengine hurusha mkate majini ili samaki wamzunguke mgeni na picha itoke vizuri. Gharama ya tawi lililovunjika haiandikwi kwenye daftari la mtu yeyote. Huwezi kumlaumu nahodha peke yake kwa kufuata hesabu aliyowekewa.

Kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar, kiliweka hesabu nyingine. Mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na kinaendeshwa na kampuni binafsi ambayo mapato ya wageni hulipia ulinzi na elimu. Nyumba za wageni ni saba tu. Uvuvi hauruhusiwi ndani ya hifadhi, na kuzamia kwa mitungi ya hewa kwa starehe hakuruhusiwi. Mgeni huelea juu na mrija wake. Waliopewa mafunzo ya ulinzi na kuongoza wageni ni pamoja na waliokuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mtu wa namna hiyo mshahara wake unategemea mwamba uendelee kuwa hai, si idadi ya safari za siku. Mfumo huo ni wa bei ya juu na hauwezi kunakiliwa kila ufukwe, lakini kulipia muda wa kufundisha ndani ya bei ya safari kunawezekana popote.

Wapo wanaosema joto la bahari litamaliza matumbawe hata wageni wakielea kama majani. Ni kweli joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mwaka 2016 yalipauka tena. Lakini mwamba uliotoka kuugua ndio usiohitaji kukanyagwa. Matumbawe machanga yanayoota upya ni madogo, na pezi moja linatosha kuyang'oa.

Wakati nao una bei yake. Maji ya bamvua yakipwa, kina juu ya mwamba hupungua mno na hata mzoefu hugusa kwa tumbo. Mwanafunzi apelekwe maji yakiwa ya kutosha na mkondo umelegea. Kwa upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji tulivu ya ndani ya mwamba yanafaa kwa mazoezi, ila humo kuna kamba na vigingi vya mwani. Ni mashamba, mengi yakiwa ya akina mama, na mgeni anayepita juu yake akipiga mapezi anang'oa zao ambalo mwenyewe alilifunga kwa mkono, fundo kwa fundo.