Kilichoua Hakikuwa Lava

Kaskazini mwa Siberia, ndani ya eneo la Aktiki, nyanda za juu za Putorana hupanda kama ngazi hadi mita 1,700 hivi, na kila kidato ni lava iliyomwagika ikaganda juu ya nyingine. Jirani na mji wa Norilsk unene wake unapita kilomita 3. Volkano zilizoitoa lava hiyo zililipuka miaka milioni 252 iliyopita, zama ambazo zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilitoweka. Nchi kavu nayo haikusalimika: katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, mawe ya kabla ya maangamizi yana mifupa ya gorgonopsia, wawindaji wenye meno marefu, lakini katika tabaka za Manda zilizolala juu yake hawamo tena. Lawama hubebeshwa lava, nami naamini si haki. Kilichoua hasa ni mawe yaliyounguzwa na magma chini kwa chini.

Tazama nyakati. Mwaka 2015 wanajiolojia Seth Burgess na Samuel Bowring, waliopima urani na risasi ndani ya chembe za zirkoni, walionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya lava ilimwagika, kwa miaka kama 300,000, kabla viumbe hawajaanza kufa kwa wingi na walipokuwa wakianza kufa. Maangamizi yalipoanza ndipo magma ilipoanza kupenya kando kwa kando kwenye tabaka za bonde la Tunguska, zenye makaa ya mawe, chokaa na chumvi, na ikaziunguza hata zikatoa gesi. Vipande vya makaa yaliyoungua vimekutwa ndani ya miamba ya volkano ya huko. Hata madini ya Norilsk, yanayong'aa kwa manjano ya shaba na kubeba nikeli, ni shahidi: sehemu kubwa ya salfa yake haikutoka kwenye magma, ilitoka kwenye tabaka za chumvi ilizozipitia.

Wapo wanaosema gesi ya magma yenyewe ingetosha. Ilichangia, sibishi. Lakini lava ya Paraná, Brazili, na Etendeka, Namibia, ilifurika miaka milioni 134 hivi iliyopita, nayo ilizidi kilomita za ujazo milioni moja, bila maangamizi ya namna hiyo. Tena, chokaa ya bahari za wakati wa milipuko ile ya Siberia inaonyesha kaboni iligeuka ghafla kuwa nyepesi, ya aina inayopatikana kwa wingi katika mabaki ya mimea, yaani makaa ya mawe.