Video ya 3GP na Kisanduku cha Mwisho

Faili la 3GP la simu ya vitufe huwa na picha zilizobanwa kwa kodeki, yaani kanuni ya kubana na kufungua, mara nyingi H.263, sauti iliyobanwa kwa AMR, na metadata, yaani maelezo yanayoiambia simu namna ya kuvisoma hivyo viwili. Huko Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, mafaili ya namna hii ya jando, ngoma ya sindimba na harusi yalirushwa kwa blututhi kutoka simu hadi simu. Leo huitwa “video mbovu”, na lawama hupewa 3GP. Si haki. 3GP ni chombo tu, chenye asili katika QuickTime ya Apple ya mwaka 1991. Ubovu uko kwenye kodeki.

H.263 ilibuniwa miaka ya 1990 kwa ajili ya simu za video. Picha, mara nyingi ya nukta 176 kwa 144, hugawanywa miraba ya nukta 16 kwa 16, na kinachoandikwa hasa ni kile kilichobadilika. Mtu aliyekaa akizungumza hana gharama kubwa. Mchezaji wa sindimba, kiuno na vumbi vikienda pamoja, hubadilisha miraba mingi kwa mpigo, na picha hugeuka vigae. AMR ya kawaida ni kali zaidi: hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, hivyo mlio wowote unaozidi hezi 4,000 hauingii. Tena ilitengenezwa kwa kufuata koo la msemaji. Ngoma hufifia, njuga hupotea.

Metadata ina kituko chake. Simu nyingi huandika kwanza picha na sauti katika kisanduku kiitwacho mdat. Kisanduku cha moov, chenye orodha ya kila fremu inaanzia wapi na ichezwe lini, huandikwa mwisho, mpigaji anapobonyeza kusimamisha. Betri ikizima kabla ya hapo, ngoma nzima imo kwenye kadi ila faili halifunguki. Mafundi wengi husema kadi imekufa, wakaifomati. Huo ni uharibifu wa bure, kwa kuwa zipo programu zinazoweza kuunda moov mpya kwa kuiga faili zima lililopigwa na simu ileile.

Moov hubeba pia tarehe, kwa sekunde zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1904. Baadhi ya simu zilianza kuhesabu kutoka 1970, kwa hiyo unyago wa 2010 ukasomeka kuwa wa 1944. Saa isiyorekebishwa baada ya betri kutolewa nayo huandika uongo wake.

Kugeuza faili liwe MP4 “ili ling’are” hakurudishi njuga. Kama picha inabanwa upya, huzidi kuchakaa, na kutuma kwa mitandao mara nyingi hufuta tarehe. Nakala ya kwanza ndiyo ya kutunza. Mafaili haya hufaa kufundishia wachezaji, kutambua marehemu, kulinganisha vinyago vya mapiko, hata kumaliza ubishi wa nani alihudhuria harusi.