Maji Kabla ya Kiu: Afya ya Mfanyakazi wa Kator



Mwezi Februari 2025 shule zote za nchi zilifungwa kwa wiki mbili kwa sababu ya joto. Hapa Juba wanafunzi walikuwa wakizimia, na serikali ikawashauri raia wakae ndani na kunywa maji. Machi 2024 shule zilikuwa zimefungwa vivyo hivyo, joto likitazamiwa kufika digrii 45. Ushauri ulikuwa mwema. Lakini mpagazi wa soko la Konyokonyo angekaa ndani ya nini? Malori ya kutoka Nimule yaliendelea kufika, na magunia hayajishushi yenyewe.

Kwa hiyo tunapozungumza habari ya mazoea ya afya, hatusemi habari ya kukimbia asubuhi na viatu vya michezo. Mtu anayebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 tangu alfajiri amekwisha kufanya mazoezi. Anachokosa ni maji, chakula cha asubuhi, kivuli na usingizi.

Tuchukue maji kwanza. Wengi wetu tumezoea kunywa wakati koo limekwisha kukauka, na huko ni kuchelewa. Afanyaye kazi nzito juani yampasa kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, siyo kungoja saa saba kisha kumimina lita nzima tumboni. Mtazame mkojo wako: ukiwa na rangi ya chai, mwili umekosa maji. Na chai yenyewe ya akina mama wetu tunaipenda, wala hatumkatazi mtu. Lakini vijiko vinne vya sukari kwa gilasi, gilasi tano kwa siku, ni vijiko 20. Hivyo hatuvihesabu.

Huko Amerika ya Kati, katika nchi za El Salvador na Nikaragua, maelfu ya wakata miwa walikufa kwa ugonjwa wa figo. Wengi walikuwa vijana wasio na kisukari. Wachunguzi waliona kwamba kazi nzito katika joto kali, pasipo maji ya kutosha, ni sababu kubwa. Palipowekwa maji karibu, kivuli cha kuhamishwa pamoja na wakataji, na mapumziko ya lazima, madhara ya figo yalipungua. Hawakupewa dawa yoyote ya ajabu.

Tena maji yawe safi. Mengi ya magari ya tanki hutoka mto Naili. Kipindupindu kilitangazwa hapa Juba Mei 2014, na Oktoba 2024 kikatangazwa tena nchini. Hapana budi maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yawekwe katika dumu lenye kifuniko na bomba. Ile desturi ya kikombe kimoja cha watu kumi, kinachotumbukizwa ndani ya pipa kwa mkono wenye vumbi, tuiache. Sabuni iwe kando. Mwenzetu akianza kuharisha, mpeni maji safi lita 1 yenye sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko, huku mkimpeleka hospitali. Msingoje jioni.

Wako watakaosema kwamba mazoea ni jambo la mtu na nyumba yake. Sisi hatukubali. Mwaka 1973 ndugu zetu wa Tanzania walifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka pamoja kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mtu akilegea, jirani alimwona.

Nasi tufanye hivyo. Kila kundi la kazi, iwe wapagazi, waashi au kituo cha bodaboda, limchague mmoja kwa wiki wa kutunza dumu: alijaze asubuhi, atie dawa, aite watu kunywa. Asiye na tajiri achange na wenzake. Mwenye tajiri, gharama ni ya tajiri. Juni 2022 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani uliweka mahali pa kazi penye usalama na afya miongoni mwa haki za msingi. Basi maji kazini siyo zawadi. Tajiri akidai mnapoteza wakati, mwulizeni fundi akizimia juu ya jukwaa atapoteza siku ngapi. Na katika Februari na Machi tunadai kazi ianze alfajiri, isimame saa sita hadi saa tisa, bila kukatwa mshahara.

Pale ambapo tajiri amekataa, mleteeni katibu wa tawi jina la mahali pa kazi na idadi ya watu. Majina yenu msiandike.