Harufu ya Biri Chumbani: Asili Yake na Tadbiri ya Kuizuia

Aghalabu watu huidhania harufu ya tumbaku kuwa ni kitu cha upepo, kiingiacho na kutoka bila ya kuacha athari, na kwa dhana hiyo mwenye nyumba, mgeni wake akishazima biri, hufungua dirisha kwa nusu saa, akafukiza kipande cha udi, akaamini kuwa kazi imekwisha. Siku ya pili, jua likipanda na chumba kikapata joto, harufu hurejea. Sababu yake ni sahali kuifahamu: harufu ni maada yenye mwili, iliyokwisha kutua juu ya kuta, mapazia, mito na mbao, na kitu chenye mwili hakiondoki kwa kufunikwa, bali kwa kutolewa. Tadbiri zote zitakazotajwa hapa zimejengwa juu ya msingi huo.

Moshi wa tumbaku una sehemu mbili. Ya kwanza ni chembe za lami, ambazo nyingi zake hazifiki hata maikroni moja, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Kwa udogo huo huelea hewani kwa muda wa saa kadha wa kadha na kupenya penye ufa wowote. Ya pili ni gesi na mivuke, kama amonia, piridini, fenoli na nikotini yenyewe, ambayo hunywewa na nguo na mbao, kisha ikatolewa tena kidogo kidogo kila joto na unyevu vizidipo, hali ambayo wakaao pwani hawaikosi mwaka mzima.

Biri, ile sigara nene isokotwayo kwa majani matupu ya tumbaku, huishinda sigara ya kawaida katika jambo hili kwa sababu tatu. Kwanza ni wingi: biri kubwa huweza kuwa na gramu 5 mpaka 17 za tumbaku, na huvutwa kwa saa moja au mbili, ilhali tumbaku ya sigara moja aghalabu haitimii gramu moja. Pili ni matengenezo yake: majani huanikwa ndani ya mabanda yenye kupita hewa, ambamo sukari yake hupungua, kisha hurundikwa yakachachuka na kuzalisha amonia, ndiyo maana moshi wake huelekea upande wa alkali, na katika alkali nikotini hupaa kwa wepesi zaidi. Tatu, moshi mwingi ujazao chumba haupiti kinywani mwa mvutaji, bali hutoka moja kwa moja katika ncha iwakayo, nayo biri huwaka polepole muda wote wa mazungumzo.

Kwa hiyo kinga iliyo bora ni mvutaji akae nje. Walakini si kila nje ni nje. Biri ivutwayo barazani chini ya dirisha lililo wazi, upande ule upepo utokako, huingia ndani moja kwa moja. Wakati wa kusi, kiti cha mvutaji kiwekwe upande wa kaskazini wa nyumba, na wakati wa kaskazi upande wa kusini, na madirisha yaliyo karibu naye yafungwe hata amalize.

Ikiwa hapana budi ila kuvuta ndani, shurti kiteuliwe chumba kimoja, mlango wake ufungwe, na dirishani iwekwe feni isukumayo hewa kwenda nje. Feni hiyo hupunguza kanieneo ya hewa ya chumba, hata hewa ya ukumbini ikawa ndiyo iingiayo kwa chini ya mlango, badala ya moshi kutoka kwenda ukumbini. Dirisha jingine la chumba hicho lielekealo upepo lisifunguliwe, kwa kuwa upepo utausukuma moshi ndani ya nyumba. Pangaboi haliondoi kitu, hukoroga tu. Kiyoyozi cha ukutani nacho kwa kawaida huizungusha hewa ile ile, na lami hugandama ndani yake, kikawa chanzo kipya cha harufu kila kiwashwapo.

Mashine za kusafisha hewa zina manufaa yenye mpaka. Chujio la daraja la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, lakini gesi hulipita. Gesi huhitaji mkaa ulioamilishwa, ambao gramu yake moja ina eneo la ndani lipatalo mita za mraba 500 na zaidi. Mkaa huo nao hujaa, na ukishajaa lazima ubadilishwe. Mashine za ozoni ziepukwe, kwa kuwa ozoni hudhuru mapafu. Ama udi na ubani, vina heshima yake katika nyumba zetu, lakini katika shauri hili huongeza moshi juu ya moshi, na chembe zake hutua pale pale zilipotua za biri.

Usafishaji una utaratibu wake. Biri isisagwe kisahanini, maana kuisaga huzidisha uvundo. Iachwe ife yenyewe, kisha kipande na majivu vitolewe nje mara moja, vikatiwe maji. Mapazia na foronya zifuliwe, mito na magodoro yaanikwe juani. Mbao na kuta za rangi ya mafuta zioshwe kwa maji moto na sabuni, kisha zipanguswe kwa maji yaliyotiwa siki kidogo, kwa kuwa asidi ya siki huzigeuza nikotini, amonia na piridini kuwa chumvi ziyeyukazo majini, zisizopaa tena.

Kuta za chokaa zina hukumu nyingine. Siki huila chokaa, na chokaa yenyewe ni alkali: mla tambuu anajua kwamba chokaa huitia tumbaku ukali, nayo hufanya hivyo kwa kuifungua nikotini. Basi kupaka chokaa mpya juu ya ukuta ulionywa moshi kwa miaka hakuizuii harufu. Tabaka la zamani likwanguliwe kwanza.

Pua isifanywe hakimu wa kazi hii, kwani huizoea harufu kwa muda mchache. Aulizwe mtu atokaye nje. Wala kutoweka kwa harufu si dalili ya usalama. Mwaka 2010 wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley, California, walidhihirisha kwamba nikotini iliyotua juu ya vitu huungana na asidi ya naitrasi iliyomo hewani, ikazaa nitrosamini, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Na ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilikata shauri kwamba kupitisha hewa na kuisafisha hakuwezi kumkinga kabisa asiyevuta.

Hivyo mwenye nyumba asione haya kuweka kanuni. Adabu ya kumkirimu mgeni haimlazimu kumpa chumba cha kulala watoto akivutie. Inatosha kumwandalia kiti kizuri, meza na kisahani upande upepo uendako, na kuketi naye huko.