Kazi ya kupanga usafiri: nani atahesabu moto za Bulengera?

Wandugu finalisti na wenye diploma, kuko kazi moja yenye haisemwi sana kwetu Butembo: kazi ya mpangaji wa usafiri. Mtu akisikia barabara, anawaza paka injinia na mashine za kusawazisha udongo. Lakini mbele injinia apime unene wa kokoto, kunapaswa kuwa mwenye aliuliza: nani anapita hapa, saa ngapi, anatoka wapi, anaenda wapi, anabeba nini? Njo kazi yenyewe.

Tazameni kwetu. Tarehe 16/06/2021 marais Tshisekedi na Museveni walizindua kule mpakani, Kasindi na Mpondwe, kazi za barabara tatu, jumla kilometa 223: Kasindi–Beni 80, Beni–Butembo 54, Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Watu wakazungumza lami, lami, lami. Sawa. Lakini kamyo zenye kutoka Kasindi zikifika mjini, zinaingia njia moja na wamotari, chukudu, mama mwenye kubeba ndizi na watoto wa shule. Kamyo zitashushia mizigo wapi? Wamotari wangojee wateja fasi gani? Watoto wavukie wapi? Lami peke yake haijibu maswali hayo.

Alfabeti ya kazi hii ni kuhesabu. Unakaa kwenye njia panda tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili mangaribi, na kila dakika 15 unaandika: moto ngapi, gari ndogo ngapi, kamyo, chukudu, wenye kutembea kwa miguu. Siku ya soko na siku ya kawaida. Siku ya jua na siku ya mvua, juu vilima vyetu vikilowa, njia ingine inakufa kabisa. Kisha unauliza watu safari zao.

Tuseme, kwa mfano tu, umepata moto 600 kwa saa, kila moja na abiria mmoja. Basi kumi za viti 60 zingewabeba wote. Kwenye karatasi, mambo imekwisha! Lakini basi hazitapanda kila kilima, na wamotari 600 wako na familia. Hapo hesabu inageuka mazungumzo, na mpangaji mwenye hajui kukaa chini na wamotari, plani yake itabakia kwenye kabati.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walionyesha njia. Walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi kila kituo, na mwaka 2014 mradi wao na wenzao wa Marekani, Digital Matatus, ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Zilikuwa njia zenye kila mtu alizitumia kila siku, lakini ramani yao kamili haikukuwa. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kwenye kilometa 21 za kwanza, kisha mipango ya zaidi ya miaka kumi. Mwenye kupenda matokeo ya haraka atafute kazi ingine.

Na kwetu kuko usalama. Sehemu zingine za RN4, magari yamepita mara nyingi kwa msafara wa kusindikizwa na askari. Njia fupi kwenye ramani inaweza kuwa ndefu kuliko zote, na hiyo lazima iingie ndani ya hesabu.

Masomo? IBTP Butembo inakupa msingi wa ujenzi. Jiografia na uchumi nazo zinafungua mlango. Kwa kuendelea, kuko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam, lakini Kiingereza kikamate mapema. QGIS na OpenStreetMap ni za bure. Anza na avenu yako. Kazi utaitafuta Office des Routes, OVD, kampuni zenye kufanya uchunguzi mbele ya ujenzi, ao mashirika yenye kusafirisha mizigo. Usingoje tangazo lenye kuandikwa "mpangaji wa usafiri". Mara nyingi mtu anaingia kama mwenye kuhesabu ao kuuliza maswali, analipwa kwa siku. Mbele ya kusaini, uliza kama pesa ya moto na ya megabaiti iko ndani.